Kiungio cha bomba cha kukaza, milimita 25 kwa nusu inchi: miezi minne, hakuna tone

Niko Busia, upande wa Uganda, kwenye nyumba ya marehemu baba, ya bomba za chuma tupu. Tulipohamisha mita, bomba jeusi la plastiki la milimita 25 likaja kukutana ukutani na chuma cha nusu inchi. Fundi wa kwanza akawasha karatasi, akalainisha ncha ya plastiki kwa moto, akaisukuma juu ya chuma, akaifunga mpira wa baiskeli, raundi kwa raundi. Tukafungua maji: kavu. Nikamlipa.

Saa nane usiku, watu wamelala, koki zote mtaani zimefungwa na presha imepanda, nasikia tsss nje. Asubuhi ukuta umelowa mpaka chini ya dirisha. Mpira huo nimeufunga upya mara tatu kwa mikono yangu, na bili ikaja nene.

Mzee wa hadiwea alinicheka kwanza, kisha akatoa rula. "Mama, hii 25 inapimwa nje kwa nje. Nusu ya chuma ni jina la tundu, nje yake ina 21 na kidogo. Kwa macho zinaingiana, lakini hazikuumbwa kuoana." Akanipa kiungio cha kukaza: upande mmoja unameza plastiki ya 25, upande wa pili una thredi za ndani (mikato ya kuzungushia kama ya skrubu) za nusu.

Fundi wa pili alikuja na dai, kifaa cha kukatia thredi, akakata thredi mpya kwenye chuma kwa sababu za zamani zilishaliwa na kutu. Akazungusha tepu nyeupe kama raundi kumi, kuelekea upande ule ule unaokazia. Ukizungusha kinyume, tepu inajikunja na kutoka nje unapokaza. Kiungio akakikaza kwa mkono, halafu kidogo tu kwa spana. Hapo ndipo kile cha kwanza kilipopasuka, tah! Kilikuwa plastiki tupu. Nikarudi dukani nikachukua chenye pete ya chuma mdomoni. Bei ilizidi kidogo. Ningeianza hiyo tangu mwanzo.

Upande wa plastiki ndio ulionifurahisha. Akakata ncha sawasawa, akachonga ukingo kwa kisu ili usikwaruze ule mpira mwembamba wa ndani ya kiungio, akapaka maji ya sabuni, akasukuma mpaka ikagota. Aliweka alama ya kalamu kabla, akahakikisha imezama yote. Nati ikakazwa, basi. Hakuna moto, hakuna gundi.

Nikajifanya mjuaji nikamwambia arudishe nyuma kidogo ule upande wa chuma ili mita ikae wima. Akakataa katakata: ukishakaza juu ya tepu, hurudishi nyuma, ukirudisha, fungua yote uweke tepu mpya. Mita ikakaa imeinama kidogo. Imeinama hadi leo, na wapita njia wanaiangalia.

Lawama yangu ni moja. Pakiti haina hata mchoro wa mpangilio wa pete na mpira wa ndani ya kiungio, na asiye na fundi makini atavipanga kinyume. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Sasa inayodondosha ni koki ya jikoni, lakini hiyo ni washa tu, kile kipete cha mpira cha ndani ya koki.