Daraja la mikoko la Gazi: pesa yangu niliiona ilikoenda

Kwa anayeuliza kama safari ya Gazi, huko pwani ya kusini ya Kenya, inafaa: inafaa, na mimi nitarudi. Ila sababu yangu si ile ya kwenye picha za watu. Lile daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko ni zuri kweli, na upepo wa pale ni wa bure. Kilichonikosha ni kwamba pesa ya mgeni ina njia unayoweza kuifuata kwa macho. Kwenye hizi safari zinazojinadi kuwa "zinasaidia jamii", hilo ni jambo la nadra.

Nasema hivyo kwa sababu nilitangulia kwenda na kampuni moja ya kutembeza watalii upande wa Diani, jina naliacha. Walituuzia "ziara ya kijijini". Gari likatupeleka moja kwa moja hadi shule ya msingi, saa nne asubuhi, siku ya masomo. Watoto wakatolewa darasani watuimbie. Wageni wakagawa peremende na kalamu, mwalimu kasimama kando na chaki mkononi akingoja tumalize. Nikamuuliza dereva shule yenyewe inapata nini kwenye ile pesa tuliyolipa. "Kuna sehemu inaenda kwa jamii." Sehemu gani? Akaongeza sauti ya redio. Kituo kilichofuata kilikuwa duka la vinyago, na hapo nikamwona akipokea kamisheni yake bila hata kujificha.

Gazi iko Kwale, kama kilomita 55 kusini mwa Mombasa, ukishapita Ukunda na kabla hujafika Msambweni. Ukivuka feri ya Likoni panda matatu ya Msambweni au Lunga Lunga, shuka njia panda ya Gazi, bodaboda itakuingiza mjini. Daraja ni la kikundi cha akina mama wa hapo hapo. Wao ndio wanaokupokea, wao wanaokutembeza, na ukitaka kula wao ndio wapishi. Hakuna mtu wa kati.

Mama aliyetutembeza nilimwamkia shikamoo, akaniitikia "marahaba mwanangu", na tangu hapo hakuninyima swali. Mikoko anaitambua mmoja mmoja kama mtu anavyowatambua wajukuu zake: huu mkoko wenyewe, ule mkandaa, ule muia, kule mbele mlilana unaotoa mataruma, zile mbavu za vyombo vya baharini, na huu mkomafi wenye tunda kubwa la duara. Kwenye mchu akasimama, akachuma jani, akaniambia nilambe. Chumvi tupu! Mti unakunywa maji ya bahari, chumvi unaitolea kwenye majani, na jua likiwaka inabaki chenga nyeupe unayoihisi kwa kidole. Chini yetu, kwenye matope, kaa wadogo wenye gando moja kubwa walikuwa wakilipunga juu chini. Hao ni madume, akasema, wanatafuta wachumba.

Ukiitazama mikoko ile leo huwezi kujua ilivyoteseka. Boriti za mikoko ya pwani hii zilisafirishwa Arabuni kwa majahazi miaka na miaka, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Gazi yenyewe ilikatwa vibaya miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani, na sehemu nyingine zikabaki peupe. Baadaye watafiti wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari, wakaanza kupanda upya pamoja na wenyeji.

Hapo ndipo utasikia jina Mikoko Pamoja. Huo ni mradi mwingine, usiuchanganye na daraja, ingawa ukifika Gazi vyote viwili utavisikia kwa pumzi moja. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza ile hewa ya kaboni inayozuiwa na miti pamoja na matope yake, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka: mnunuzi analipia miti ilindwe, naye anahesabiwa kuwa amefidia moshi wake mwenyewe. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Matumizi ya mapato huamuliwa kwenye mikutano ya wanakijiji wenyewe, na vilivyotokana nayo ni vitu vya kushikika: maji ya bomba, vitabu vya shule.

Nina dukuduku langu kuhusu biashara hii ya kaboni, nisifiche. Kuna anayenunua huko Ulaya ili aendelee kuchafua kwa roho safi, na bei haipangwi na mvuvi wa Gazi. Lakini kati ya hilo na watoto kukatiziwa hesabu ili waimbie wenye kamera, mimi najua pesa yangu ninaipeleka wapi.

Kabla hujaenda: uliza habari za maji. Wakati wa bamvua, zile siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida, maji yakijaa unatembea na bahari iko chini ya miguu yako. Yakipwa unaona kaa na mizizi, na harufu ya matope nayo haikuachi. Gazi ni mji wa Waislamu, kwa hivyo dada zangu bebeni leso, na kaka zangu msipite mitaani vifua wazi. Ukiwa na nusu saa ya ziada, uliza ilipo nyumba ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895. Peremende waachie wenye duka. Kama una cha kutoa, waulize wenyewe wanahitaji nini. Na chakula agiza mapema, jana yake ikiwezekana, maana akina mama hawapiki cha kukaa. Samaki wa kupaka na wali wa nazi. Ukija Ramadhani, usitegemee chakula cha mchana.