Daktari aamue, au muamue pamoja?

Mgonjwa mzee akisema "Daktari, wewe ndiye unayejua", wengi huufunga mjadala hapo hapo. Ni mapema mno. Huenda amechoka tu, au hakusikia vizuri.

Kumwachia daktari kunafaa kwenye dharura, au pale tiba ya maana ni moja. Ni haraka, na wapo wazee wanaopendelea hivyo kwa dhati. Kasoro yake ni kwamba daktari hubaki akikisia mgonjwa anathamini nini.

Kuamua pamoja kunahitajika hasa pale kila njia ina gharama yake. Figo zikishindwa kazi, kusafishwa damu kwa mashine hospitalini kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, takribani saa 4 kila mara. Huduma ya kutuliza dalili bila mashine humwachia mgonjwa siku hizo, ingawa huenda maisha yakawa mafupi. Hakuna kipimo cha maabara kinachojibu ipi inamfaa.

Kinachokwamisha mara nyingi ni vitu vidogo: kifaa cha kusikia kimesahaulika nyumbani, au mwanawe anamjibia. Muulize mzee kwanza, kisha aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Kutaka kujua kuhusu ugonjwa si kutaka kuamua tiba. Uliza kila moja peke yake, na urudie ugonjwa ukibadilika.