Miezi minane na gari la umeme: sauti ya kuwaonya waenda kwa miguu, na baba aliyeipima kwa masikio

Gari lenyewe sitalieleza sana. Betri iko sawa, breki ziko sawa. Ninachotaka kueleza ni kitu ambacho wauzaji hukigusia kwa sentensi moja kisha wakapita: ile sauti ambayo gari hutoa likienda polepole, ili mtu aliye nje ajue kwamba lipo.

Mwanzoni sikuipenda. Ni mvumo mwembamba, kama feni inayoanza kuzunguka, unaotoka kwenye spika iliyofichwa nyuma ya bampa la mbele. Gari langu ni la toleo la zamani kidogo, lina swichi ya kuizima sauti hiyo, na kila asubuhi nilikuwa naibonyeza. Niliona utulivu ndio raha yenyewe ya kuendesha gari la umeme.

Baba yangu haoni. Ni mwaka wa 11 sasa. Asubuhi moja nilikuwa narudi rivasi taratibu kutoka uani, kamera ya nyuma imejaa umande, nikasikia ko! kwenye bampa la nyuma. Ilikuwa fimbo yake nyeupe. Nikakanyaga breki, nikashuka mbio. Nilimkuta hatua moja tu kutoka kwenye gari, kiganja kimegusa buti, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwanangu, kwani umeshawasha?"

Alikuwa amesikia mlango wa gari ukifungwa. Akawa anangoja injini iungurume ndipo ajue kama mimi nampisha au yeye anipishe. Miaka yote ndivyo alivyozoea. Safari hii hapakuwa na injini ya kuunguruma, na sauti iliyowekwa badala yake nilikuwa nimeizima kwa kidole changu mwenyewe.

Jioni ile tukaamua kupima. Alisimama pembeni ya lami, akanipa mgongo, akasema atainua mkono mara tu atakaponisikia. Nikaja kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Sauti ikiwa imezimwa, aliinua mkono boneti ikiwa hatua 3 kutoka kwake, na alichosikia, alisema, ni matairi yakisaga punje za mchanga. Sauti ikiwa imewashwa, aliinua mkono nikiwa hatua 17. Tulirudia mara kadhaa na tofauti ilikuwa ile ile. Jirani alipowasha mashine ya kukata nyasi, zile hatua 17 zikashuka hadi 8, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba sauti hii inashinda kila kelele.

Jambo alilolisifu baba halikuwa ukubwa wa sauti. "Inapanda," alisema. "Ukiongeza mwendo inapanda, ukipunguza inashuka. Najua unakuja au unasita." Sifa hiyo haikutokea kwa bahati. Kanuni namba 138 ya Umoja wa Mataifa inadai toni ibadilike kulingana na mwendo. Inadai pia kwamba sehemu mojawapo ya sauti iwe nzito, isizidi hezi 1600 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), na hilo ni la maana sana kwa wazee, kwa kuwa masikio yanayochakaa hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu. Nilimuuliza kama honi isingetosha. Akasema honi humshtua tu, haimwambii gari liko wapi wala linaelekea wapi.

Kwa wanaoogopa kelele, viwango ni vya kiasi. Kanuni hiyo inataka angalau desibeli 50 kwa kilomita 10 kwa saa, 56 kwa kilomita 20, na 47 gari likirudi nyuma. Kiwango cha juu kabisa ni 75. Ukipita kilomita 20 sauti inaweza kukoma, maana hapo matairi na upepo vinaanza kusikika vyenyewe. Mimi nikiwa ndani na vioo vimepandishwa, karibu siisikii kabisa. Umoja wa Ulaya ulilazimisha mfumo huu kwa aina mpya za magari ya umeme na haibridi (yenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme) kuanzia Julai 2019, na kwa kila gari jipya la namna hiyo kuanzia Julai 2021. Swichi kama ya kwangu imepigwa marufuku katika marekebisho ya kanuni namba 138, na mimi naunga mkono kwa moyo wote. Kama unanunua lililotumika, itafute swichi hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na usiiguse tena.

Sasa kasoro, na kwangu ni kubwa. Gari likisimama, sauti inakatika. Nikisimama kwenye kivuko, baba anaachwa gizani mara ya pili: hajui kama nimesimama kumpisha, nimeondoka, au sikuwapo tangu mwanzo. Gari la petroli lingekuwa linanguruma pale pale na angejua limesimama wapi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa haidai sauti gari likiwa limesimama. Ya Marekani inadai, mradi gari halijawekwa kwenye gia ya kuegesha, na inaendelea kudai hadi kilomita 30 kwa saa. Wamarekani wamelifikiria vizuri zaidi hili, na sioni sababu ya watengenezaji kutoliweka kwenye magari wanayouza kwingineko.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja wataipata wakirekebisha hapo pa kusimama. Kwa sasa, nikimwona mtu mwenye fimbo nyeupe ukingoni mwa kivuko, nasimama mbali kidogo, nashusha kioo na kumwambia kwa sauti: "Gari limesimama, liko kushoto kwako." Baba ndiye aliyenifundisha kutaja upande.