Prizimu ya kupimia msitu: kioo kizuri kwa hesabu ya mbao, kipofu kwa mengine

Prizimu ya kupimia msitu ni kipande cha kioo chenye umbo la kabari, ukingo mmoja mnene kidogo kuliko wa pili, na kinaenea kiganjani. Haina betri wala skrini, na hakuna cha kuharibika ila kioo chenyewe. Kazi yake ni moja tu: kukwambia kila hekta ya msitu imebeba mita ngapi za mraba za mashina. Yaani tuseme miti yote ingekatwa kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, kisha nyuso za visiki vyote zijumlishwe. Namba hiyo, tuiite eneo la mashina, ndiyo msingi wa kuamua wapi papunguliwe, wapi paachwe na mbao kiasi gani zinasubiri.

Njia yenyewe aliibuni Walter Bitterlich, mtaalamu wa misitu wa Austria, aliyeichapisha mwaka 1948. Kabla ya hapo ilibidi kila kituo, yaani kila mahali pa kupimia, kizungushiwe ploti na kila mti ndani yake upimwe unene. Bitterlich alionyesha kwamba ukisimama sehemu moja na kuhesabu mashina yanayoonekana mapana kuliko pembe fulani, idadi hiyo ukiizidisha kwa namba ya kifaa inakupa eneo la mashina moja kwa moja. Prizimu inafanya kazi ya pembe hiyo kwa kupindisha mwanga.

Matumizi yake hayamchukui mtu nusu saa kujifunza. Shika kioo juu ya kigingi cha kituo, tazama shina kwenye kimo cha kifua, nawe utaona kipande cha shina ndani ya kioo kimesogea pembeni. Kama bado kinagusana na sehemu ya shina unayoiona juu na chini ya kioo, mti unahesabiwa. Kikiwa kimeachana nalo kabisa, mti unaachwa. Kingo zikigusana kwa unywele tu, huo ni mti wa mpakani. Zunguka duara zima, hesabu, zidisha. Miti 6 kwa prizimu namba 4, ambayo kila mti unasimama badala ya mita za mraba 4, ni mita za mraba 24 kwa hekta. Ukijua wastani wa urefu ni mita 20 na kizidisho cha umbo (punguzo kwa kuwa shina hukonda kuelekea juu) ni 0.45, basi 24 × 20 × 0.45 ni mita za ujazo 216 kwa hekta. Kwa kazi ya dakika tatu, sijui kifaa kingine kinachotoa kiasi hicho.

Namba ipi ununue? Lenga kuhesabu miti kati ya 5 na 10 kwa kituo. Ikipungua hapo, vituo vinatofautiana mno. Ikizidi, macho yanachoka na miti inarukwa. Msitu wenye mita za mraba 20 hadi 40 unafaa namba 4. Msitu mwepesi, au uliotoka kupunguliwa, unafaa namba 2. Namba 1 inavutia kwa kuwa inakusanya miti mingi, lakini mti wa sentimita 60 unaingia hata ukiwa umbali wa mita 30, na penye vichaka hutauona. Usioonekana hauhesabiwi, na hesabu inashuka bila wewe kujua.

Hapa kuna mtego unaowanasa wanaoagiza mtandaoni. Prizimu nyingi sokoni ni za vipimo vya Kimarekani, namba 10 au 20, nazo ni futi za mraba kwa ekari. Namba 10 ya futi ni 2.3 ya mita. Namba 20 ni 4.6. Anayezidisha kwa 10 akidhani ni mita anapata msitu wenye mbao mara nne na zaidi ya zilizopo. Soma maandishi ya ukingoni kabla ya kulipa.

Ikifika, ijaribu kabla ya kwenda nayo porini. Kata ubao mweupe wenye upana wa sentimita 20 kamili, uusimamishe, kisha simama umbali unaotakiwa: mita 10 kwa namba 1, mita 7.07 kwa namba 2, mita 5 kwa namba 4. Umbali unapimwa kutoka kwenye kioo hadi kwenye ubao, si kutoka jichoni. Kingo za ubao zinapaswa kugusana bila kupishana wala kuacha pengo. Kama inabidi usogee ndipo zigusane, pima umbali huo mpya wa mita, gawanya 10 kwa huo umbali, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: hiyo ndiyo namba halisi ya kioo chako, iandike kwenye kifuko. Za plastiki zinavumilia kuanguka lakini zinachunika haraka. Za kioo zinaona vizuri zaidi, ila jiwe moja tu linatosha kumega kona. Nunua yenye tundu la kamba. Rangi ya kamba iwe ya kung'aa, kwa sababu kioo kisicho na rangi kikidondoka kwenye majani makavu ni kama umekitupa ziwani.

Sasa makosa. Kubwa kuliko yote ni mtu kusimama juu ya kigingi na kunyoosha mkono mbele. Kinachotakiwa kubaki juu ya kigingi ni kioo. Mwili ndio unaozunguka. Mkono ukiwa mbele kwa nusu mita, kila mti unakaribia kioo kwa nusu mita. Mti wa sentimita 30 kwa namba 4 una mpaka wa mita 7.5; kwa kosa hili unaingia hadi mita 8, na hesabu inapanda kwa asilimia 14. Mti wa sentimita 20 unapanda kwa asilimia 21. Kosa lenyewe halionekani kwenye fomu, kwa sababu linajirudia kila kituo na namba zinapendeza kwa kufanana.

Miti ya mpakani wengine huihesabu nusu nusu. Inakubalika kwa haraka, lakini kupima ni bora. Zidisha kipenyo cha sentimita kwa 0.5 kwa namba 1, 0.354 kwa namba 2, au 0.25 kwa namba 4. Jibu ni umbali wa mwisho kwa mita. Mti wa sentimita 36 kwa namba 4 unaishia mita 9.0. Tepu ikisoma 9.2 hadi katikati ya shina, hauhesabiwi. Katikati ya shina, si gome la mbele. Anayetumia kipimo cha leza aongeze nusu ya kipenyo.

Kwenye mteremko, prizimu iliyoshikwa wima inapunguza hesabu: asilimia 6 kwa nyuzi 20, asilimia 13 kwa nyuzi 30. Dawa ni kukizungusha kioo kama usukani, kiinamie upande kwa nyuzi zilezile za mteremko huku ukitazama shina. Mti ulioegama, kiegamishe kioo kiendane na shina. Mti uliojificha nyuma ya mwingine, sogea kando bila kubadilisha umbali wako nao, utazame, urudi kigingini. Na ukungu wa asubuhi? Kitambaa kikavu mfukoni, basi.

Kwa kundi linaloweka alama za kupungulia, hapa ndipo kifaa kinapolipa. Simama popote baada ya miti ya kukatwa kupakwa rangi: miti inayohesabiwa ni 7, kati yake 2 ina alama, kwa namba 4. Msitu unatoka mita za mraba 28 na kubaki 20. Kama mpango ulisema zibaki 22, kundi limeweka alama kwa pupa na linarekebishwa palepale, msumeno ukiwa bado haujawashwa.

Lakini msitu wa umma haumilikiwi na mbao peke yake, na hapo ndipo sifa zangu kwa kioo hiki zinapoanza kupungua. Prizimu kwa maumbile yake inaupendelea mti mnene na kuusahau mwembamba; kwa mbao huo ni upendeleo mzuri, kwa wanyama ni upofu. Chukua miti mifu iliyosimama, makazi ya vigogota, bundi na popo. Wa sentimita 40 kwa namba 4 unahesabiwa tu ukiwa ndani ya mita 10. Ikiwepo mitano kwa hekta, vituo 20 vitakutana na kama mitatu tu. Hakuna uamuzi wa maana unaoweza kusimama juu ya miti mitatu. Kwenye kigingi hichohicho pima duara lenye nusu kipenyo cha mita 17.84, ambalo ni sehemu ya kumi ya hekta, uhesabu humo miti mifu, yenye mashimo na magogo yaliyolala. Vituo 20 sasa vinagusa kama kumi. Bado ni michache, ila angalau ni kitu. Miti hiyo izungushiwe rangi yake ya kipekee kabla kundi la kupungulia halijaingia, si baada.

Jambo la pili: usikubali wastani peke yake. Mita za mraba 24 inaweza kuwa msitu uliofanana kila mahali, au nusu yenye 40 na nusu yenye 8. Kwa mnunuzi wa magogo ni karibu sawa. Kwa swala anayetafuta majani ya kula na kichaka cha kujificha, ni misitu miwili tofauti. Andika namba ya kila kituo kwenye ramani mahali pake.

Kwa njia za wageni na maeneo ya kupumzikia, prizimu karibu haina la kusema. Mti unaohesabiwa unaweza kuwa umeoza kiini. Huko inahitajika nyundo ya mpira ya kugonga shina na kusikiliza, macho ya kutafuta uyoga kwenye kitako na nyufa za udongo upande wa pili wa mti ulioegama, na kipima urefu cha kujua kama mti unafika kwenye benchi ukianguka. Shina lenye tundu ambalo unene wa ganda lake lisilooza umebaki chini ya theluthi ya nusu kipenyo lisikae juu ya vichwa vya watu.

Na mbadala? Spiegel-Relaskop, kifaa cha Bitterlich mwenyewe, kinasahihisha mteremko chenyewe na kinapima urefu pia, ila ni kizito na kinataka mwanga wa kutosha; penye giza la miti minene mistari yake haisomeki. Kipimapembe cha bati chenye mnyororo kinafanya kazi ya prizimu na hakivunjiki, lakini hapo kanuni inageuka: jicho ndilo linalokaa juu ya kigingi, na mnyororo ukilegea umeharibu kila kitu. Kumpa mtu mmoja vyote viwili ni kumwalika achanganye. Programu za simu ni nzuri kwa mazoezi, ila skrini juani na vidole vyenye utomvu havipatani.

Mwisho, idadi ya vituo. Katika msitu ambao vituo vinatofautiana kwa asilimia 40, kosa la asilimia 20 linataka vituo 16, na la asilimia 10 linataka 64. Kazi ni mara nne kwa nusu ya kosa, na prizimu ghali haiokoi hata kituo kimoja. Kwa hiyo nunua mbili za kawaida, namba 2 na namba 4, kamba za rangi tofauti, na fedha iliyobaki iende kwenye tepu ya kipenyo, tepu ya mita 30 na rangi ya pili ya miti isiyoguswa.