Nyota moja kwa mtu wa upanga, na hiyo moja bado naifikiria

Nyota moja. Nikipoa huenda zikawa mbili, ila sijapoa, na vidole bado vinatetemeka juu ya kibodi.

Kama umekuja kutafuta upanga upi una makali kiasi gani au vipaji vipangwe vipi, hayo yamejaa kila mahali, katafute. Mimi nina neno moja tu, nalo ni juu ya kumchukua mhusika wa upanga, yule wa kupiga kwa karibu, ukaingia naye medani kupambana na watu wenye akili zao. Gemu lenyewe silitaji. Wanaolicheza watalitambua wenyewe, na wasiolicheza hawajakosa kitu. Au wamekosa. Sijui, nitalirudia hilo.

Kinachoniudhi ni kwamba unadanganywa tangu mwanzo. Ukiwa bado unacheza peke yako, unaua madubwana ya kompyuta, mtu wa upanga ni mfalme. Dubwana lina adabu. Linakungoja ufike, linasimama mbele yako, linakukodolea macho huku unalichanja, na likitaka kufanya ubaya linanguruma kwanza ili ujue pa kukimbilia. Miezi kadhaa ya maisha hayo unaanza kujiona simba. Wala hakuna anayekunong'oneza kwamba muda wote huo hujawahi kumkimbiza kiumbe asiyetaka kufikiwa.

Ilikuwa juzijuzi, usiku mwingi, usiku wa kusema "hii ndiyo ya mwisho" mara sita. Medani ya 3 kwa 3. Upande wetu mimi na upanga wangu, mnyatiaji mmoja mwenye visu viwili, na mganga. Upande wao mchawi wa barafu, mpiga upinde, na mganga wao. Lango lilipofunguka nikamwona yule mchawi kando ya nguzo, joho la buluu, peke yake, katulia kama mtu anayengoja basi. Mtu wa upanga akishamwona mchawi peke yake hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Nikamrukia.

Nakiri, ule mruko ni mtamu. Kitufe kimoja tu, unavuka nusu ya uwanja, unatua kwa kishindo, adui anazubaa, na kwa kitambo kidogo dunia ni yako. Nikampiga la kwanza. Nikampiga la pili. La tatu halikufika. Miguu yangu ilikuwa imegandishwa ardhini, na mchawi alikuwa ameshahama, yadi 20 mbele yangu, kageuka, ananitazama, viganja vinawaka. Nami nimesimama na upanga mrefu kuliko mimi mwenyewe, nakata hewa.

Barafu ikaachia, nikamfuata. Akanirushia donge la baridi, mwendo wangu ukawa nusu. Nikatumia hirizi ya kujinasua, ambayo ukishaitumia inalala dakika 2 nzima, nikakimbia hatua tano za uhuru, akanigandisha tena. Halafu akanigeuza kondoo.

Hapa inabidi nieleze kitu, maana ndicho kinachonitia kichaa. Waliobuni michezo ya aina hii walijua kwamba mtu akifungwa bila kikomo atavunja kioo cha kompyuta, kwa hiyo mingi ina kanuni inayofanana: fungo la kwanza linadumu muda wake wote, la pili la aina ileile nusu, la tatu robo, la nne halishiki. Ukiisikia unadhani ni huruma. Piga hesabu. Sekunde 8, kisha 4, kisha 2, jumla sekunde 14 za ukondoo. Na huo ni ukondoo peke yake! Kugandishwa kuna daftari lake, kuzubaishwa kuna daftari lake, kutiwa hofu kuna daftari lake. Ukimaliza deni huku unakuta kule hujaanza kulipa.

Tena nikiwa kondoo hawakunigusa hata kidogo, kwa sababu kondoo akipigwa hurudi kuwa mtu. Waliniacha nizungukezunguke kwenye nyasi huku wakimmaliza mnyatiaji wetu kwa raha zao. Watu husema fulani kafa kikondoo. Mimi niliishi kikondoo kwanza, kufa kukaja baadaye.

Niliporudi kuwa mtu nilikuwa na hasira za mtu aliyetoka kuwa kondoo. Mchawi akazunguka nyuma ya nguzo, nami nikazunguka naye, na huko nyuma mishale ya yule mwenzake ikanikuta bila kivuli cha msaada. Nikaanguka.

Usiku kucha sisi watatu tulikuwa tukiandikiana Kiingereza cha kuungaunga, kila mmoja akidhani wenzake wako upande mwingine wa dunia. Nilipoanguka niliandika neno moja la Kiswahili ambalo sitalirudia hapa. Mganga akalisoma. Kimya kidogo, kisha:

"Kaka, ulikuja kupigana au ulikuja kufa?"

Matusi ya lugha za watu huwa hayaniingii. Nimeshatukanwa kwa lugha ambazo hata herufi zake sizijui nikaendelea kunywa maji yangu. Hili la nyumbani lilinichoma mpaka masikioni. Nikamjibu, "Kaka, kazi yako wewe ni kutibu. Tibu."

"Kaka ni wewe. Mimi ni dada. Nimekutibu mara nne, hesabu. Mara ya tano uko nyuma ya nguzo. Nitibu nguzo?"

Akaondoka. Hata hakungoja tushindwe rasmi.

Nitibu nguzo! Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo. Wahenga walisema mganga hajigangi. Wahenga hawakucheza gemu hili. Humu mganga hujiganga kwanza, humganga rafiki yake wa pili, na wewe mwenye upanga unapata makombo, kisha unalaumiwa kwa kufa. Hivyo ndivyo nilivyowaza asubuhi hiyo, na sehemu yangu moja bado inawaza hivyo.

Nikatafuta wa kumbebesha lawama. Wa kwanza akawa seva, ile kompyuta ya mbali inayoendesha gemu kwa wote. Hapa nina hoja, nisikilizeni. Katika World of Warcraft, gemu la mtandaoni la aina hii, kwa mfano, mhusika anayekimbia kwa miguu huenda yadi 7 kwa sekunde, na upanga hufika kama yadi 5. Pingi ikiwa 200, yaani ujumbe unachukua milisekunde 200 kwenda kwenye seva na kurudi, adui anayekukimbia ameshapiga yadi 1.4 kabla mambo hayajalingana. Yadi 1.4 katika mkono wa yadi 5 ni zaidi ya robo. Kwenye skrini yangu mchawi yuko hapa, namgusa kabisa, na gemu linaniambia yuko mbali. Yeye anayetupa madonge kutoka yadi 30 au 40 hilo halimpati, yadi moja na ushee kwake ni nini? Kwa hiyo anayekaa mbali na seva anaumia zaidi akishika upanga kuliko akishika fimbo ya uchawi, na hakuna anayekuonya siku unayochagua mhusika. Walipaswa kuandika pale chini ya picha ya shujaa mwenye kifua kipana: huyu ni wa majirani wa seva.

Na ongeza ule mwendo wa nusu. Yadi 3.5 kwa sekunde. Akiwa yadi 35 mbele yako unahitaji sekunde 10 kumfikia akiwa amesimama. Naye hasimami.

Sasa kila sasisho likija wenye gemu wanatutangazia kwamba wametusikia kilio, wametupa bafu. (Bafu hilo si la kuogea, ni nyongeza ya nguvu, ingawa kwa tunavyotoka mbele ya wachawi wa barafu tumelowa chapachapa, la kuogea nalo lingetufaa.) Nyongeza ya nini? Ya kipigo! Pigo fulani limepandishwa, pigo jingine limepandishwa. Nani aliomba kipigo? Mtu wa upanga hana shida ya kipigo. Nikikufikia unakufa, hilo lilikuwa kweli tangu zamani. Naomba miguu. Ukimwongezea ukubwa wa kijiko mtu ambaye mkono wake haufiki chunguni, umemsaidia nini?

Na si kilio kipya. World of Warcraft ilitoka Novemba 2004, na watu wa upanga wa humo wamelalamika kuzungushwa na wachawi hadi limekuwa jambo la kuchekwa. Medani za 2 kwa 2, 3 kwa 3 na 5 kwa 5 zilipoletwa mwaka 2007, moja ya jozi zilizoogopwa kwenye 2 kwa 2 ilikuwa shujaa wa upanga na mganga wa msituni nyuma yake. Shujaa yuleyule ukimkuta njiani peke yake unampeleka mbio ukimtupia mawe mpaka aishe. Upanga ni uleule. Kilichobadilika ni nani kasimama nyuma yake.

Nilipofika hapo katika kuwaza kwangu ndipo nilipofungua rekodi ya lile pambano, na ningetamani nisingeifungua. Huwa narekodi ili nijionee ushujaa wangu.

Mara nne. Kweli. Nilihesabu, nikarudisha nyuma, nikahesabu tena. Mara ya kwanza nilipogandishwa, mwanga wake ulinijia kabla sijajua nimeumia. Mara ya pili alivuka uwanja mzima akiwa na mpiga upinde mgongoni ili tu anifikie. Mara ya tatu aliacha kujitibu akanitibu mimi. Ya nne sikuiona kabisa wakati ule, nilikuwa nakimbia. Halafu unamwona, kadude kadogo kwenye kona ya skrini, anakuja mbio kuelekea ile nguzo, anakatiza, anajaribu kupata pembe ya kuniona, maana tiba nayo ni kama mshale, haipiti ukutani. Na mimi naenda zangu, mgongo kwake, namfuata mtu wa joho la buluu kama mtoto anayefuata tiara. Mchawi hakuwa anakimbia. Alikuwa ananiongoza. Ile nguzo ilikuwa yake tangu lango linafunguka.

Basi nilikaa kimya.

Usiku ulipoingia nikarudi medani na watu wengine, nikajiwekea sharti moja: sitoki machoni pa mganga, hata mchawi anitukanie ukoo. Na hapa ndipo hukumu yangu inapoharibika, kwa sababu lilikuwa pambano zuri kuliko yote niliyowahi kucheza. Mchawi mwingine, wa moto huyu, akajaribu kunivuta nyuma ya ukuta. Sikwenda. Nikamgeukia mganga wao badala yake. Mchawi akaingiwa na wasiwasi, akatoka mafichoni kuja kumwokoa mwenzake, akasogea mwenyewe, kwa miguu yake, hatua kwa hatua, mpaka ndani ya mruko wangu. Ile sekunde anapotambua kosa lake unaiona. Mhusika anasita. Nikamrukia, nikamzubaisha, nikambana kwenye kona mahali ambapo hata akiruka anagonga ukuta, na mapigo yote matano yakaingia, pa pa pa pa pa. Nilisimama kitini. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Mchawi hawezi kuijua raha hiyo, mpiga upinde hawezi kuijua. Wao wanaua kama mtu anayejaza fomu. Nyota nne. Tano!

Kisha nikacheza mengine manane nikapoteza sita, mawili kati yake bila kumgusa mtu hata mara moja. Kwa hiyo nimerudi kwenye moja. Kumnyima mtu nafasi ya kuamua pambano lianze lini, liishie wapi, na apumzike saa ngapi, kisha ukamwambia ndiye shujaa wa mbele, huo ni utani mbaya. Asiye na mganga wake wa kudumu asiguse upanga. Achague fimbo, achague upinde, achague chochote chenye mkono mrefu. Na mwenye mganga wake... huyo sina la kumwambia, tayari anajua raha yake.

Yule dada nilimtafuta. Nilimwandikia, "Nimehesabu. Ni mara nne. Samahani dada." Alikaa siku mbili bila kujibu, nami nikakagua kisanduku cha ujumbe mara nyingi kuliko inavyostahili. Siku ya tatu ukaja mwaliko wa kuungana naye, na mstari mmoja chini yake:

"Njoo. Ukipita nguzo nakuacha."

Tumecheza naye mapambano kadhaa sasa, na zile mbili nilizosema mwanzoni naanza kuziona kwa mbali. Jana nilipita nguzo. Kaniacha.