Zulia la Ardabil: Hariri Iliyofichwa Chini ya Sufu

Mtu akiambiwa kwamba anakwenda kutazama zulia la enzi ya wafalme wa Uajemi, hutarajia kukuta hariri inayong'aa na nyuzi za dhahabu. Zulia la Ardabil, ambalo limelazwa ndani ya kasha kubwa la vioo katika Makumbusho ya Victoria and Albert jijini London, halikutiwa dhahabu, na hariri yake haionekani kwa urahisi, kwa kuwa imetumika kwenye mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zinazoshikilia mafundo, ilhali maua na matawi yote yanayoonekana juu yamefungwa kwa mafundo ya sufu. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo ufahari wake. Uzi wa hariri ni mwembamba na una nguvu, kwa hiyo wafumaji waliweza kubana mafundo yapatayo 5,300 katika mraba wa sentimita 10 kwa 10, na hilo katika zulia lenye urefu wa takriban mita 10.5 na upana wa zaidi ya mita 5.

Nilichuchumaa penye pembe moja na kulikazia macho ua moja dogo, nikaona jinsi ukingo wa kila petali ulivyochorwa kwa mstari mwembamba wa mafundo, bila kuvunjika mahali pa kupinda. Kisha nikautazama uwanja wake wa buluu iliyokolea. Rangi hiyo haikulingana kila mahali: huku imeiva, kule imefifia kidogo, kwa sababu sufu ilitiwa rangi fungu baada ya fungu. Rangi zote ni 10 tu, zilizotokana na vitu kama nili na maganda ya komamanga, na tofauti hizo ndogo huufanya uwanja uonekane kama maji yanayotikisika. Zulia la kiwandani, hata liwe ghali namna gani, sijaliona likifanya hivyo.

Katikati pana nakshi kubwa ya mviringo iliyozungukwa na vipande 16 vyenye ncha, na kutoka hapo zinaning'inia kandili mbili zisizolingana ukubwa. Wapo wanaosema kwamba zilipimwa hivyo ili anayetazama kutoka upande wa ndogo azione sawa. Nimesimama upande huo, na kweli macho yangu yalizisawazisha.

Mwishoni mwa zulia pamefumwa beti za Hafiz, mshairi wa Uajemi, zinazosema kwamba msemaji hana kimbilio duniani isipokuwa kizingiti hicho, zikifuatwa na jina la Maqsud wa Kashan, anayejiita mtumwa wa mlango huo, na mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 hadi 1540. Huo ulikuwa wakati wa Shah Tahmasp, mfalme wa Uajemi, na mlango unaokusudiwa ni wa kaburi linalozuriwa la Sheikh Safi al-Din mjini Ardabil, Iran; sheikh huyo ndiye babu wa Wasafawi, ukoo wa kifalme wa Tahmasp. Kusoma maneno hayo mbali na kizingiti chenyewe kuliniuma. Makumbusho yalilinunua mwaka 1893 kwa pauni 2,000, kwa ushauri wa William Morris, msanifu wa nakshi wa Uingereza, likiwa limekwisha kukarabatiwa kwa vipande vilivyokatwa kutoka kwa pacha wake, ambaye leo yuko Los Angeles, amepungua na hana pindo lake la asili. Uzuri wa hili tunalolisifu umelipiwa na lile.

Kuingia ni bure. Ili rangi zisipauke, ukumbi huachwa katika mwanga hafifu, na taa za zulia huongezwa kwa dakika 10 tu kila saa inapotimia na kila inapofika nusu. Nashauri ufike mapema na uanze na pindo, ukiacha katikati hadi mwisho, kwa kuwa nakshi kubwa huyateka macho na dakika hizo huisha upesi. Zilipoisha za kwanza nilikuwa bado kwenye lile ua la pembeni, nikasubiri gizani mpaka taa ziwashwe tena.