Spider-Man kwa mpangilio: lipi ununue, lipi uliache

Miaka kadhaa iliyopita nilimwagiza jamaa mmoja aliyekuwa akirudi na mizigo kutoka Marekani aniletee katuni ya The Amazing Spider-Man namba 1. Baada ya wiki sita ikanifikia, nikakaa barazani nikaifungua. Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, niliyemtarajia awe mwanafunzi wa sekondari mwenye miwani, nikamkuta ana shahada ya udaktari na kampuni yenye jina lake, na mwenyewe haelewi vitu hivyo kavipata vipi. Nikarudi kutazama jalada. Namba 1, kweli. Ya mwaka 2014.

Hakuna aliyenidanganya. Mfululizo huu una namba 1 saba: ya 1963, 1999, 2014, 2015, 2018, 2022 na 2025. Hesabu ya kwanza ilifika 441 mwaka 1998 ikakatwa. Wakaanza upya, wakafika 58, kisha mwaka 2003 wakajumlisha zote mbili na kurukia 500 kana kwamba hapakutokea kitu. Ikaenda hadi 700 mwishoni mwa 2012, halafu kwa zaidi ya mwaka hata jina likabadilika, ikawa The Superior Spider-Man. Sababu ni ya biashara tu: namba 1 humvutia mgeni, na kila mwenye duka anajua mgeni hununua. Kwa hiyo usiagize kwa namba peke yake. Taja namba na mwaka, na umwombe muuzaji akupigie picha ya jalada la nyuma kabla hujatuma hela.

Kingine cha kuangalia mapema: Spider-Man hakuzaliwa ndani ya mfululizo wake. Alitokea kwanza kwenye toleo la 15 la Amazing Fantasy, la Agosti 1962, katika hadithi ya kurasa 11 ya mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Toleo hilo ndilo lililokuwa la mwisho la jarida hilo. Mfululizo wenyewe ulianza Machi 1963. Kitabu chochote kinachojiita mwanzo wa Spider-Man na hakina zile kurasa 11 kirudishe kwenye rafu.

Amua pa kuishia kabla ya pa kuanzia

Wengi huuliza waanzie wapi. Jibu ni hilo hapo juu, jepesi. Kinachomaliza watu hela ni kutojua wataishia wapi. Matoleo ya mfululizo mkuu peke yake yamepita 900, na pembeni yake kuna Marvel Team-Up iliyoanza 1972, The Spectacular Spider-Man ya 1976, Web of Spider-Man ya 1985 na nyingine. Asiyejiwekea mpaka hununua kipande huku na kipande kule, na rafu yake ikawa kama meno ya mtoto wa miaka saba.

Mipaka ninayoiamini ni mitatu. Wa kwanza ni toleo la 38, Ditko alipoondoka mwaka 1966. Wa pili ni toleo la 122, mwaka 1973. Wa tatu ni mwaka 1988, karibu na toleo la 300 na kuingia kwa adui aitwaye Venom. Baada ya hapo mambo hutawanyika, na miaka ya tisini kuna sakata la pacha wa maabara lililoanza 1994 likaburutwa hadi 1996, likipita kwenye mifululizo kadhaa kwa wakati mmoja. Yako mazuri ndani yake, ila si mahali pa kumpeleka mgeni.

Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza nachagua 122. Sababu yangu ni subira. Katika toleo la 15 la mfululizo mkuu, May, mama aliyemlea Peter, anaanza kumsumbua akutane na mpwa wa jirani, msichana anayeitwa Mary Jane. (Wenzetu humwita May shangazi. Kwa kuwa mumewe, Ben, ni kaka mkubwa wa baba yake Peter, kwetu May angekuwa mama mkubwa, na usumbufu wake ungeeleweka haraka zaidi.) Peter anakwepa. Katika toleo la 25 msichana anafika nyumbani, lakini Ditko kamficha uso nyuma ya ua la mmea. Uso wenyewe unakuja kuonekana mwisho wa toleo la 42, mwaka 1966, umechorwa na John Romita. Matoleo 27 ya kungoja mlango ufunguliwe! Ukiusoma ukurasa ule peke yake, kwenye kitabu cha vipande bora, ni msichana mrembo mlangoni, basi. Ukiufikia kwa miguu yako, unacheka peke yako chumbani.

Ndivyo ilivyo kwa adui wake Green Goblin. Aliingia katika toleo la 14 mwaka 1964, na aliye nyuma ya kinyago akajulikana katika la 39. Na kama hujui kinachotokea katika la 121, usimuulize mtu, wala usitafute mtandaoni. Jihadhari hata na majina ya vitabu: kuna juzuu la mkusanyo ambalo jina lake, kwa herufi kubwa jaladani, linatangaza nani anakufa ndani. Walioliita hivyo sijui walimwonea huruma nani.

Namba moja kwangu: Epic Collection

Haya ni majuzuu ya jalada laini, ya rangi, yenye kurasa 400 hadi 500 hivi kila moja. Bei ya jaladani hucheza kati ya dola 40 na 50. Nayaweka juu kwa sababu yamepangwa kwa ajili ya msomaji. Juzuu la 1 lina ile hadithi ya Amazing Fantasy, matoleo 1 hadi 17 na toleo maalumu la mwaka la kwanza. La 2 linakufikisha 38. La 7 linavuka 122. Kwa hiyo mpaka wangu ni vitabu saba, vinaingia kwenye rafu ndogo na vinasomeka kitandani.

Faida yake kubwa huonekana baadaye. Mwaka 1987 Marvel, wachapishaji wa Spider-Man, walichapisha hadithi ya Kraven, mwindaji anayemzika Spider-Man, kwa sehemu sita katika mifululizo mitatu tofauti: Web, Amazing na Spectacular. Aliyekuwa akinunua Amazing pekee alipata sehemu mbili kati ya sita. Katika Epic, juzuu la 17 limezikusanya zote kwa mpangilio wake, pamoja na toleo la mwaka lenye harusi ya Peter. Kazi ya kupanga mtu mwingine kashakufanyia.

Kasoro yake ni namba za mgongoni. Namba ile huonyesha nafasi ya juzuu katika historia ya Spider-Man, haihusiani na lini lilichapishwa. La 17 lilitoka miaka kadhaa kabla ya la 3. Hivyo usishangae ukikuta la 5 limekwisha madukani na la 18 limejaa tele. Juzuu likiadimika, wachuuzi hulipandisha bei hata mara tatu. Usinunue. Marvel hulichapisha upya kila baada ya muda, na bei inarudi pale pale. Mimi nililingoja juzuu moja karibu miaka miwili huku nikilipata kila siku kwa bei ya simu ndogo.

Mighty Marvel Masterworks, kwa anayejaribu

Kama mpaka wako ni toleo la 38, hii inapanda hadi namba moja. Ni vitabu vidogo, vya kushika kwa mkono mmoja, vilivyoanza kutoka 2021, kila kimoja kikiwa na matoleo kumi hivi kwa dola 16 au karibu na hapo. Vinne vinamaliza enzi yote ya Ditko. Michoro imepunguzwa ukubwa, na mwenye macho ya umri wangu atalalamika, maana Stan Lee aliandika maneno mengi na vibonge vya maneno vimebanana. Mtoto wa darasa la sita hana shida nayo. Tena ni vyepesi, na anayeagizia mzigo kwa kilo anajua maana ya hilo.

Kusoma kwa simu: Marvel Unlimited

Kwa hesabu ya shilingi hakuna kinachoishinda. Unalipia dola 10 hivi kwa mwezi, unapata maktaba ya katuni zaidi ya 30,000, na mpya huingia miezi mitatu baada ya kutoka dukani. Matoleo 122 kwa mwendo wa moja au mawili kila usiku yanaisha kwa miezi mitatu. Dola 30, kazi imekwisha. Unaweza kuyapakua ukiwa kwenye Wi-Fi ukayasoma baadaye bila kula bando.

Mbona nimeiweka ya tatu? Kwa sababu mwongozo huu ni wa kununua, na hapa unapanga chumba. Mwezi usipolipa, mlango unafungwa. Halafu kwenye simu programu huweza kukuonyesha fremu mojamoja, na Ditko alikuwa akichora ukurasa mzima kama kitu kimoja. Toleo la 33 lina mfano unaojulikana: Peter kafukiwa na mtambo, maji yanaingia, na fremu zinakua ukubwa kadiri anavyojitutumua kuunyanyua, hadi ile ya mwisho inameza ukurasa mzima. Ukisoma hivyo kwenye simu, fremu zote zina ukubwa mmoja wa kioo. Unaelewa kilichotokea, ila hukisikii mabegani. Mwenye kishikwambi afadhali.

Ushauri wangu wa kweli ni kulipia mwezi mmoja kwanza. Ukifika toleo la 20 na bado una hamu, nunua vitabu. Wako rafiki zangu wawili waliogundua kwa dola 10 kwamba hawampendi Spider-Man kabisa, wakaokoa mamia.

Omnibus

Nzuri, na mimi sina hata moja. Jalada gumu, kurasa zaidi ya 1,000, michoro mikubwa kuliko ilivyochapishwa zamani. Ya kwanza ina matoleo yote 38 ya Ditko pamoja na barua za wasomaji wa wakati ule. Dola 100 au 125 jaladani, kisha uzito: ongeza usafirishaji na hapo Epic mbili zinazobeba hadithi zilezile zinakuwa nafuu zaidi. Ni ya kusomewa mezani. Mwenye ndugu anayekuja likizo na nafasi kwenye begi, amwombe kwa adabu, amwambie ukweli kuhusu kilo.

Essential, ukibahatika kwenye mitumba

Hizi hazichapishwi tena. Zilianza 1996: kurasa 500 hivi, karatasi ya kigazeti, nyeusi na nyeupe, matoleo ishirini kwa kitabu kimoja. Zilipokuwa mpya zilikuwa chakula cha mwanafunzi asiye na hela. Ukizikuta kwa wauza vitabu wa barabarani, pale Samora jijini Dar es Salaam au Tom Mboya jijini Nairobi, chukua bila kujadiliana sana. Wino wa Ditko bila rangi unasimama vizuri, pengine kuliko wa rangi. Kagua gundi ya mgongo tu. Kitabu kikilia kama chapati kavu ukikifungua, kurasa zitaanza kukuachia kabla hujafika katikati.

Matoleo mojamoja ya zamani

Kwa kusoma, hapana. Amazing Fantasy namba 15, iliyouzwa senti 12 mwaka 1962, nakala moja iliyotunzika ilinadiwa kwa dola milioni 3.6 mwaka 2021, na bei hiyo inavuta hata nakala zilizochanika. Ukitaka ladha ya kushika toleo lenyewe, nunua zile nakala mpya zinazoiga toleo la zamani kurasa kwa kurasa, hadi matangazo yake. Marvel huziita Facsimile Edition. Namba 129, anapoingia Punisher, na 300 zimetoka hivyo kwa dola chache. Ninayo ya 129. Matangazo yake nayasoma mara nyingi kuliko hadithi.

Mkaaji wa pwani

Hewa yetu ya chumvi na unyevu haina urafiki na karatasi. Pini za matoleo mojamoja hushika kutu na kutu huingia kwenye ukurasa, ndiyo maana mtu wa Tanga au Mombasa namshauri kitabu cha gundi. Usiegemeze rafu kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Usibane vitabu, viache vipumue. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya sanduku la viatu usivitupe, vitie nyuma ya vitabu, na uvibadilishe masika yakiisha. Na mchwa hawajali kama kitabu kimeadimika: miguu ya rafu iweke juu ya vigae au vibati.

Kama unaagiza wiki hii, agiza Epic juzuu la 1 peke yake. Jalada la nyuma lisomeke: Amazing Fantasy 15, Amazing Spider-Man 1–17, Annual 1, na pale kwenye maandishi madogo ya chapa uone mwaka 1963. Juzuu la 2 liagize ukifika toleo la 14.